Kituo cha Michezo: Tunanunua Mchezo au Tunanunua Bahati?



Shukrani zote anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake.

Wanafunzi wetu wapenzi, kila inapokaribia Sikukuu swali lile lile huletwa kwa walimu: je, inafaa watoto wa madrasa kwenda kwenye vituo vya michezo na burudani, vile vyenye bembea za umeme, vigari vya kugongana na mashine za gemu? Wazazi wengine wanasema haifai kabisa, huko ni upuuzi mtupu. Wengine wanasema watoto wamesoma mwaka mzima, waacheni wafurahi. Sisi tunaona kila upande umeshika ukweli kidogo, lakini pande zote mbili zimelipita jambo lililo kubwa zaidi.

Kwanza tuelewane kwamba mchezo si dhambi. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao zao msikitini Madina, na Mtume (SAW) akamsitiri Bi Aisha (RA) kwa shuka yake huku akiwaangalia, mpaka akatosheka mwenyewe. Pia alimwacha acheze na wanasesere wake pamoja na wenzake, na alishindana naye mbio. Basi anayedai kuwa dini yetu haina nafasi ya furaha ya watoto, Sunna haimuungi mkono.

Ama jambo lililopitwa ni hili: ndani ya kituo kimoja mna biashara mbili zisizofanana. Ukilipia bembea, unapanda, unazungushwa muda wako, unashuka. Mafakihi huiita ijara, yaani kukodi manufaa: bei unaijua na unachokipata unakijua. Hali ni hiyo hiyo kwa vigari vya kugongana, na kwa gemu unayolipia ucheze tu. Lakini pembeni pana kijumba cha kioo kilichojaa midoli, na juu yake makucha ya chuma. Hapo unalipa, na hujui kama utaondoka na mdoli au mikono mitupu. Jirani yake kuna mashine ya sarafu zinazosukumana, rundo linaning'inia ukingoni kama linataka kuanguka, na halianguki. Hapo hukununua mchezo. Umenunua bahati.

Na hata hiyo bahati imepimwa na mwenye mashine. Nyingi ya mashine hizo za makucha zimetengenezwa ili mwenyewe aweze kupanga nguvu ya kushika. Makucha yanakaza baada ya michezo kadhaa, na mara nyingine zote yanaunyanyua mdoli kisha yanauachia njiani. Mtoto anadhani amekosea kidogo tu, anaomba pesa nyingine. Kumbe hakukosea.

Wapo watakaosema haya ni ukali wa maustadhi. Hebu tutazame Uingereza. Sheria yao ya kamari ya mwaka 2005 inazihesabu mashine za makucha kuwa ni mashine za kamari, japokuwa za daraja la chini ambalo hata watoto wanaruhusiwa kulichezea. Ikiwa wasiokuwa Waislamu wameliita jambo kwa jina lake, sisi tunaona haya ya nini? Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini mazoea hayasubiri umri. Aliyezoea makucha akiwa na miaka 7 haoni ajabu kutia sarafu kwenye mashine ya dukani akiwa na 15, wala kuweka mkeka kwenye simu akiwa na 20.

Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Allah (SW) ameitaja kamari pamoja na pombe, na akabainisha sababu: inaleta uadui baina ya watu, na inazuia kumkumbuka Yeye na kuswali. Mtoto anayelia mbele ya kioo huku adhana ya Alasiri inapita, na ndugu wawili wanaogombania sarafu ya mwisho, wanatosha kuwa tafsiri ya aya hizo. Naye Mtume (SAW) amemwelekeza mtu aliyemwambia mwenziwe waje wacheze kamari atoe sadaka. Huyo amealika tu, hata hajacheza!

Jengine la kuzinduka ni sarafu za bandia. Mwaka 1977 Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari, alifungua San Jose, Marekani, mkahawa wa piza wenye mashine za gemu, ili familia zicheze zikisubiri chakula. Watoto walitia sarafu maalumu za mkahawa badala ya pesa. Siku hizi vituo vingi vinatumia kadi. Pesa ikishageuzwa sarafu au kadi, mkono hauhisi uchungu wa kuitoa.

Kwa hivyo rai yetu ni kwamba nendeni, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, kiasi cha pesa kipangwe nyumbani, na kikiisha kimeisha. Pili, kabla ya kulipa kila mmoja ajiulize: nikilipa, najua nitapata nini? Jibu likiwa "sijui", pita. Ama michezo inayotoa tiketi za zawadi, kama kutupia mpira kapuni, jiulize ungelipa bei hiyo lau tiketi zisingekuwepo. Ukiona moyo unafuata tiketi, hapo pana shaka, na kuacha lenye shaka ni salama ya dini yako. Tatu, Sala kwa wakati wake, na mavazi ya stara yaende nanyi hadi kwenye bembea.

Maneno haya tunawakusudia zaidi nyinyi wa madarasa ya juu, maana nyinyi ndio mnaowashika mkono wadogo zenu siku ya Idi. Mdogo hasomi aya, anakutazama wewe unasimama wapi.

Tunamuomba Allah (SW) atuzidishie furaha za halali na atukinge na zile zenye mtego ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.