*TAARIFA YA TAWI: PUMU INARITHIWA, MOSHI HAURITHIWI*



Kila msimu wa baridi tunaambiwa watoto wa Dandora na Korogocho wanabanwa kifua kwa sababu ya baridi, au kwa sababu pumu ni ya ukoo. Tusidanganywe. Mtoto anaweza kurithi kifua chepesi, lakini moshi hakuurithi. Moshi analetewa.

Jaa la Dandora lilianza 1975. Lilitangazwa kujaa 2001. Mwaka 2007, utafiti ulioagizwa na UNEP uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa, na karibu nusu walikutwa na maradhi ya kupumua, pumu ikiwemo. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lihamishwe ndani ya miezi 6. Miezi 6 ikapita, malori yakaendelea kumwaga.

Plastiki na tairi zikiungua hutoa chembe ndogo mno zinazoingia hadi ndani ya mapafu. Kwa mwenye pumu, njia za hewa huvimba, hukaza na kujaa makohozi. Inhela huzifungua, lakini haizimi moto wa jaani. Mzazi ananunua dawa leo, usiku moshi unarudi.

Wapo wanaosema kudai jaa lihamishwe ni kumnyima mwokota taka chakula. *Huo ni uongo wa kutugawanya.* Mwokota taka ndiye anayevuta moshi huo tangu alfajiri, na wengi wao ni wanachama wa tawi hili. Tunadai yote mawili: moto uzimwe, na waokotaji wapewe kazi salama ya kutenganisha taka, yenye malipo, kabla lori la kwanza halijaelekezwa kwingine.

Na viongozi wa chama chetu wasikie pia: asiyeuliza pesa za jaa ziko wapi katika bajeti ya kaunti, asije huku kutuomba kura.

*La kufanya:*
1. Usichome plastiki nyumbani. Hatuwezi kudai kwa kaunti tusichofanya wenyewe.
2. Andika tarehe mtoto anaposhikwa na pumu, na kama moshi ulikuwepo.
3. Leta maandishi hayo mkutanoni Jumapili, saa nane mchana. Tutayapeleka kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, bila majina ya watoto.

Sambaza kwa kila mwanachama.

_Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tawi_