Ubeti wa Mwisho Usikatwe: Sahihi ya Mtunzi na Kalamu ya Mhariri

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Katika majalada ya tungo zilizokusanywa mwambao wa kaskazini wa Kenya, hata hivyo, yapo majina mengi ambayo giza limeyashinda. Chini ya utungo huandikwa maneno mawili tu: "Mtunzi hajulikani." Msomaji huyapokea maneno hayo kama taarifa. Makala haya yanashikilia kuwa wakati mwingine hayo si taarifa bali ni ushahidi wa kosa: jina lilikuwapo, likakatwa.

Na tuchukue mfano wa Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Mwanafunzi afikapo huko na kinasa sauti chake, akaketi na mzee baada ya swala ya alasiri, hapewi utungo ukiwa uchi. Mzee hutanguliza nasaba: uliotungwa na nani, mwana wa nani, mtu wa mji gani, siku ya kadhia gani, naye mwenyewe aliupokea kwa nani. Ole wake mwanafunzi ambaye haja yake ni mishororo tu! Hukiwasha kinasa sauti baada ya maelezo hayo, na hukizima kabla ya dua ya mwisho. Arudipo chuoni, ana utungo usio na mwenyewe.

Kosa hili ni zito kwa sababu Waswahili wa kaskazini walikuwa na kanuni ya sahihi muda mrefu kabla ya ukurasa wa gazeti. Mtunzi wa utendi hakuondoka barazani pasipo kuaga. Katika beti za mwisho alijitaja, au alijidokeza kwa unyenyekevu kuwa ni mja dhaifu. Akataja ukoo wake au mji wake. Akaomba radhi kwa makosa na dua kwa wasomaji. Na mara nyingi akafunga kwa idadi ya beti na mwaka wa Hijra. Utendi wa Mwana Kupona ni mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake wosia huo mwaka 1858, miaka michache kabla ya kufariki kwake. Hadi leo husomwa ukiwa na jina la mwanamke aliyeutunga, ilhali tungo za wanawake wengi wa zama zake zimebaki bila majina.

Baadhi ya wasomaji wa leo huziona beti hizo za kufungia kuwa ni mapambo, tena yenye kuchosha. Huko ni kukosa kuelewa kazi yake. Utendi uliishi kwa kunakiliwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, na kila mnakili aliweza kuruka ubeti au kuongeza wa kwake. Mtunzi alipotaja kwamba beti zake ni kadhaa, aliutia utungo wake kufuli. Nakala ikihesabiwa na kupungua, msomaji hujua kuwa umeibwa. Ikizidi, hujua kuwa umetiwa maji. Taarikhi nayo ilimzuia mtu wa baadaye kuuvika utungo kadhia isiyo yake. Kwa hiyo anayekata ubeti wa mwisho ili kubana nafasi hupunguza zaidi ya mishororo minne: huvunja kufuli na kuuacha mlango wazi.

Wanakili pia walikuwa na adabu yao. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na fundi wa kuchonga. Aliwanakilia wataalamu wa Kizungu tungo nyingi, na kwa sababu hiyo hati zake zimehifadhiwa mbali na kwao. Utendi wa Fumo Liyongo, wa mwaka 1913, hutajwa pengine kwa jina la Kijumwa, pengine kwa jina la Muhammad bin Abubakar bin Umar al-Bakari. Mwanafunzi asiye na habari anaweza kudhani hao ni watu wawili wanaogombea utendi mmoja, kumbe ni mtu mmoja mwenye lakabu na jina kamili. Tena, katika hati za mtu kama huyu aliyekuwa mtunzi na mnakili kwa pamoja, ni sahihi pekee inayotenganisha alichokitunga na alichokinakili. Ikitupwa, ama mnakili atapewa mali ya mwenzake, ama mtunzi atanyang'anywa yake.

Ushairi mfupi unatupa funzo la upande wa pili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ya beti chache, na mengine ya ubeti mmoja tu. Ubeti mmoja hauna chumba cha wageni. Ukishabeba hoja yake, haubakiwi na nafasi ya nasaba wala taarikhi. Tungo hizo zilikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne hiyo, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Ndiyo maana swali la kama shairi fulani ni la Muyaka kweli, au ni la mpinzani wake, au ni la mtu aliyelipachika jina kubwa, huwa gumu kujibu. Pale ambapo utungo hauwezi kubeba sahihi ndani yake, jukumu la kuibeba humwangukia anayeuhifadhi.

Jukumu hilo lina uzito wa pekee Mkokoni. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwatoa Wabajuni wengi katika vijiji vya bara na mashamba yao, wakakimbilia visiwani na Mombasa. Watu walipotawanyika, waliokuwa wakijua nani alitunga nini walitawanyika nao. Pale ambapo jina linakumbukwa na mzee mmoja tu, kulikosa ni kulizika. Na jamii ambayo mara kwa mara huulizwa asili yake haina anasa ya kuandikiwa kuwa tungo zake hazina wenyewe.

Hapana budi kujibu pingamizi moja la haki. Si kila utungo wa Wabajuni una mtunzi mmoja. Vave, nyimbo za wakulima ziimbwazo wakati wa kuliandaa shamba, hasa usiku wa kuamkia kuchoma msitu uliofyekwa, ni mali ya kikundi. Vivyo hivyo kimai cha mabaharia na wavuvi. Kumbandika mtu mmoja jina la mtunzi wa vave kwa kuwa ndiye aliyerekodiwa ni dhuluma pia. Hata hivyo, utungo wa wengi haukosi sahihi. Una sahihi ya wengi. Mahali ulipoimbwa, kazi iliyouzaa, aliyeuongoza, walioitikia na mwaka uliorekodiwa ndiyo nasaba yake. "Vave, Mkokoni, iliongozwa na fulani" ni maelezo ya kweli. "Mtunzi hajulikani" ni kufunga mlango kabla ya kupiga hodi.

Lugha yenyewe nayo ni sahihi. Mtunzi wa Kiamu asemaye "mato" ametaja kwao pasipo kujitaja. Mhariri akilisanifisha neno hilo liwe "macho", ameifuta alama ya mji wake, na kama neno lilikuwa kwenye kina, ameuvunja na utungo. Kibajuni hupata dhara hiyo hiyo kila kinapovalishwa kanzu ya Kiswahili Sanifu bila idhini.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa makala haya yanatetea sahihi isiyo na mpaka. Wapo washairi wa zama hizi ambao chini ya beti tatu hupanga lakabu nne, shahada mbili, cheo, sanduku la posta, nambari ya simu na salamu kwa ukoo mzima, hata mkia ukawa mrefu kuliko ng'ombe. Mhariri anayeufyeka msitu huo hana lawama. Amri Abedi alipochapisha kanuni zake za utunzi mwaka 1954, aliwakumbusha washairi kuwa mizani na vina vina hesabu. Inafaa sahihi nayo iwe na hesabu. Wazee waliweza kujitambulisha, kuomba radhi, kuhesabu beti na kuweka taarikhi kwa beti chache tu ndani ya utendi mrefu, tena kwa maneno ya kujishusha. Kipimo kilikuwa manufaa: kinachomsaidia msomaji kuujua na kuulinda utungo kilibaki, cha kumkuza mtu kiliachwa.

Kwa hiyo, majarida ya wanafunzi na wakusanyaji wa tungo wanaweza kukubaliana juu ya kanuni nyepesi. Kwanza, beti za kufungia zilizotungwa na mtunzi ni sehemu ya utungo. Zisiguswe hata ukurasa ukibana. Nafasi ikiwa finyu, utungo na usubiri toleo lijalo ukiwa mzima. Pili, chini ya shairi fupi iwekwe sahihi ya mistari miwili isiyozidi: jina au lakabu moja, mahali, tarehe, na idadi ya beti. Tatu, utungo uliopokewa kwa mdomo utajiwe msimulizi wake, iwapo ameridhia kutajwa, na lahaja yake. Nne, asiyetaka kutajwa aheshimiwe, na iandikwe kuwa amekataa; maana kuficha jina kwa hiari si sawa na kusahauliwa.

Kanuni hizi hazihitaji fedha wala mitambo. Zinahitaji mwanafunzi awahi kukiwasha kinasa sauti, na achelewe kukizima. Mzee wa Mkokoni anayetaja jina la mtunzi kabla ya kufungua kinywa kuimba anatimiza amana aliyopewa na waliomtangulia. Mwanafunzi aliyekaa mbele yake ndiye anayeipokea sasa, na amana haipunguzwi njiani.