Hesabu ya figo iliyopewa rangi ya ngozi

Mnamo Januari 2023, hospitali za Marekani zinazopandikiza figo zilianza kupekua orodha zao ili kuwatafuta wagonjwa Weusi waliokuwa wamecheleweshwa kuingia katika foleni ya kungojea kiungo hicho. Ukipekua sababu ya kucheleweshwa kwao hutampata karani mwenye chuki wala daktari aliyewafungia mlango. Walicheleweshwa na hesabu ya kuzidisha. Tangu wakati huo maelfu yao wamerudishiwa miezi, na wengine miaka, ya kungojea waliyostahili kuhesabiwa.

Nchini humo siku za mgonjwa asiyesafishwa damu kwa mashine huanza kuhesabiwa pindi uwezo wa figo zake unapokadiriwa kuwa 20 au chini yake. Tuseme kanuni imetoa 18. Mgonjwa akiwa Mzungu, foleni yake ilianza siku hiyo hiyo. Akiwa Mweusi, 18 ilizidishwa kwa 1.159 ikawa karibu 21, naye akaambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa figo zake bado zina nguvu. Figo zenyewe hazikuwa zimebadilika hata chembe.

Kisa hiki kimejadiliwa sana huko kuwa suala la ubaguzi, na ni haki yao. Sisi wa upande huu wa dunia tunayo sababu nyingine ya kukidadisi. Kanuni hiyo ilisafiri. Iliingia katika vitabu vya mafunzo, katika mitambo ya maabara na katika tafiti za Afrika, mara nyingine pamoja na kizidisho chake cha watu Weusi, kana kwamba Mluo wa Siaya, Msomali wa Garissa na mjukuu wa watumwa wa Alabama ni mtu mmoja.

Kwanza tuelewe kinachopimwa. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja yapata mililita 100 hadi 120 za majimaji ya damu kila dakika. Kiwango hicho kikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, waganga husema mtu huyo ana ugonjwa sugu wa figo. Njia ya kukipima barabara ni kumdunga mtu kemikali ambayo figo huitoa yote bila ya kuirudisha, kwa mfano ioheksoli, kisha kumtoa damu mara kadhaa kwa muda wa saa kadhaa na kuona inavyopungua. Ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo kila siku, katika karibu hospitali zote duniani, hutumika njia ya mkato: hupimwa kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na misuli. Figo zikilegea, taka hiyo hurundikana katika damu. Nambari ya kreatinini hutiwa katika kanuni pamoja na umri na jinsia, na kanuni hutoa makisio ya uchujaji.

Naomba mwalimu na mwanafunzi walizingatie neno hilo, makisio. Kipo kipimo, na lipo kisio linalojengwa juu ya kipimo, na kila ghorofa ina nyufa zake.

Ghorofa ya chini ni kemia. Mwaka 1886 Mjerumani Max Jaffe aliona kwamba kreatinini ikichanganywa na asidi ya pikriki katika mazingira ya alkali hutoa rangi ya machungwa iliyokaribia wekundu. Mwaka 1904 Otto Folin aliigeuza rangi hiyo kuwa kipimo: kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kreatinini ilivyo nyingi. Mwanafunzi yeyote aliyelinganisha rangi za miyeyusho katika maabara ya shule anaifahamu mantiki hii. Zaidi ya karne moja imepita na njia ya Jaffe ingali inatumiwa kote ulimwenguni, kwa kuwa kitendanishi chake ni rahisi na bei yake ni nafuu.

Kasoro yake ni kwamba asidi ya pikriki haichagui rafiki. Hutoa rangi ikikutana na kreatinini, lakini hutoa rangi pia ikikutana na glukosi, na protini, na asidi zinazojaa katika damu ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, na baadhi ya dawa za kuua bakteria. Kwa upande mwingine, damu ya mgonjwa aliyegeuka macho manjano kwa maradhi ya ini huifanya rangi ipungue, na nambari ikashuka bila ya sababu ya figo. Sampuli iliyokaa saa nyingi kabla ya seramu kutenganishwa na chembe za damu, tuseme iliyotoka zahanati ya mbali ikingoja pikipiki ya kuipeleka mjini, nayo inaweza kupandisha nambari. Ipo njia nyingine itumiayo vimeng'enya ambavyo huishughulikia kreatinini yenyewe na kuziacha karibu zote nyinginezo. Ni bora, na ni ghali zaidi. Hapo ndipo wahasibu wa hospitali hushika kalamu.

Isitoshe, hata maabara mbili zitumiazo njia moja zaweza kutofautiana ikiwa mitambo yao haikusawazishwa kwa kigezo kimoja. Miongo miwili iliyopita jambo hili liliwashughulisha sana wataalamu, hata Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ikatengeneza seramu ya kigezo ambayo kiwango chake cha kreatinini kimethibitishwa kwa njia ya hali ya juu ya kupima tungamo za molekuli. Matokeo yake yanafaa kufundishwa darasani. Kanuni iliyotumika sana wakati huo, iitwayo MDRD, ilianza na tarakimu 186. Maabara ziliposawazishwa upya, ilibidi tarakimu hiyo ibadilishwe mwaka 2006 kuwa 175. Ni tofauti ya takriban asilimia 6, iliyotokana na namna ya kusawazisha mitambo tu, wala si na mgonjwa yeyote. Maabara iliyosawazisha mtambo na kuisahau kanuni, au iliyobadilisha kanuni na kuusahau mtambo, ilitoa majibu ya kupotosha kila siku bila ya mtu kushtuka. (Hata sijagusa suala la vipimo vyenyewe: miligramu 1.2 kwa desilita ya vitabu vya Kimarekani ndiyo mikromoli 106 kwa lita ya karatasi zetu, na yule anayechanganya mizani hizo mbili hana haja ya kanuni mbovu ili adhuru mtu.)

Ghorofa ya pili ni kanuni, na hapa ndipo rangi ya ngozi ilipoingia. MDRD ilichapishwa mwaka 1999 kutokana na wagonjwa 1,628 wa Marekani, ambao kama asilimia 12 tu walikuwa Weusi. Watafiti waliona kwamba, kwa kiwango kilekile cha uchujaji, Wamarekani Weusi katika kundi lao walikuwa na kreatinini ya juu kidogo. Wakaongeza kizidisho ili hesabu zilingane. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu Weusi wana misuli mingi zaidi. Mwaka 2009 ikaja kanuni nyingine, CKD-EPI, iliyopunguza kizidisho hadi 1.159 lakini haikukiondoa.

Sasa fikiria dhana hiyo ya misuli ikihamishiwa katika wodi ya hospitali ya wilaya. Mgonjwa amelala kitandani miezi miwili, amekonda kwa kifua kikuu au kwa njaa, mikono yake imebaki mifupa. Mtu huyu hutengeneza kreatinini kidogo kwa sababu misuli yake ni michache. Kreatinini kidogo katika damu husomwa na kanuni kuwa ni ishara ya figo nzima. Kisha, juu ya kosa hilo, aongezewe karibu asilimia 16 kwa sababu ni Mweusi na kwa hiyo ana misuli mingi! Sidhani kuna mfano bora wa hesabu sahihi iliyozaa jambo lisilo na maana.

Bara hili halikukaa kimya. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2008 ulionyesha kwamba MDRD ilikaribia ukweli zaidi kizidisho kilipoachwa. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima kwa ioheksoli watu wazima wenye virusi vya Ukimwi, na ukafikia mwelekeo huohuo. Kisha mwaka 2022 ukaja mkubwa kuliko yote, uliofanywa Malawi, Afrika Kusini na Uganda kwa kuwapima watu zaidi ya elfu mbili moja kwa moja. Matokeo yake yanatisha kidogo: makisio yatokanayo na kreatinini hutukuza uwezo wa figo, na kiwango halisi cha watu wenye figo zilizodhoofika katika jamii hizo kinaweza kuzidi mara mbili kile ambacho kanuni zilikuwa zikikionyesha. Makisio yalikuwa bora zaidi pale ilipopimwa sistatini C, protini isiyotegemea sana misuli.

Mara mbili. Serikali yoyote inayopanga bajeti ya maradhi ya figo kwa kutumia nambari za zamani inapanga kwa ajili ya nusu ya wagonjwa.

Katika nchi yetu, mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulipeleka mashine za kusafisha damu katika kaunti zote 47. Sina ugomvi na mashine hizo, kwani wapo waliookolewa nazo. Lakini mashine ya kusafisha damu ni ya mgonjwa ambaye tayari amefika mwisho wa njia. Anayeweza kuzuiwa asifike huko ni yule mwenye 55 leo, anayehitaji kudhibiti shinikizo la damu na sukari mapema. Mzidishe kwa 1.159 naye anakuwa na 64; amevuka mstari wa 60, anahesabiwa mzima, anarudi kwenye shughuli zake. Tutaonana naye tena akiwa amevimba miguu. Fedha nyingi zimewekwa mwishoni mwa safari, ilhali mwanzoni mnahitajika kitendanishi bora na kanuni iliyochunguzwa.

Dawa nazo zinahusika. Tenofovia, ambayo hutumiwa na wengi wa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, yaweza kuziumiza figo zilizodhoofika, na metformini ya wagonjwa wa kisukari haifai kutolewa uchujaji ukiwa chini ya 30. Makisio yaliyotukuzwa humfanya mgonjwa aendelee kumeza dawa ambayo ingestahili kupunguzwa au kubadilishwa. Na kwa kuwa figo zinazopandikizwa hapa kwa kawaida hutoka kwa jamaa walio hai, linganisha na kaka aliyejitolea kumpa dada yake figo moja. Daktari akiegemea makisio peke yake, kaka huyo anaweza kuambiwa ana ziada ambayo hana.

Mwaka 2021 Wamarekani walitoa CKD-EPI mpya isiyouliza rangi, na wengi wakadhani shauri limekwisha. Kwa upande wa haki nchini mwao, hiyo ni hatua ya kupongezwa. Kwa upande wa kipimo, sisi tuna sababu ya kusita. Kanuni hiyo mpya ilipatikana kwa kuwachanganya watu wote wa Marekani katika hesabu moja, hivyo ikawa katikati: huwapa Weusi nambari ndogo kuliko awali, na wasio Weusi nambari kubwa kuliko awali. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya waliikataa kwa sababu hiyo. Maabara ya Kiafrika iliyokuwa ikitumia kanuni ya 2009 bila ya kizidisho, ikihamia ile ya 2021 kwa kufuata mkumbo, itapata makisio ya juu zaidi, ilhali tafiti zetu zinasema makisio tayari yako juu mno. Tutakuwa tumeingia shimoni kwa heshima ya kupinga ubaguzi wa watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mjadala wa wenye kushiba, maana ziko zahanati ambazo hazina hata kitendanishi cha Jaffe. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba kizidisho kilikuwa bure na madhara yake yalikuwa bure vilevile. Kukifuta katika mtambo ni kazi ya dakika chache. Wengine watahofu kwamba tukishusha makisio tutawaita wagonjwa watu ambao ni wazima na kuwanyima dawa wanazozihitaji. Hofu hii ndiyo nzito zaidi, na haiwezi kuondolewa kwa maoni ya gazetini. Inaondolewa kwa kuwapima Wakenya wenyewe kwa ioheksoli, wanene na wembamba, wa pwani na wa nyanda za juu, walao nyama na wasioila, kisha kuijenga kanuni juu yao au kuthibitisha ipi kati ya zilizopo inawafaa. Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Ila ni kazi isiyokatiwa utepe na waziri, na pengine ndiyo maana haina haraka.

Wakati tukingoja, yapo madogo yanayowezekana. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, ambacho hapa nchini huthibitishwa na KENAS, huzitaka maabara zijue ukubwa wa mashaka yaliyomo katika vipimo vyao. Karatasi ya majibu ingeweza kuandika mistari miwili zaidi: kreatinini imepimwa kwa njia ya Jaffe au ya vimeng'enya, na makisio yametoka katika kanuni ipi, ya mwaka gani, ikiwa na kizidisho au bila. Mgonjwa aliye na karatasi mbili kutoka hospitali mbili, moja ikisema 58 na nyingine 67, angeweza kuambiwa kama figo zake zimepona au kama amebadilishiwa hesabu.