‘Umeweza!’ haitoshi: Tafuta sikio litakalokuambia ukweli

Hebu fungua simu yako uhesabu. Una rekodi ngapi za kuimba kwako ambazo hakuna mtu mwingine amewahi kuzisikia? Kuna ile uliyoimbia bafuni kwa sababu mwangwi ulikuwa mtamu. Kuna ile ya saa saba usiku, uliyoiimba kwa kunong’ona ili jirani wa bedsita asigonge ukuta. Na kuna ile uliyoiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, ukaifuta baada ya dakika kumi.

Vijana wengi wanaopenda kuimba huangukia upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaoficha kila kitu wakingoja siku ambayo sauti itakuwa imeiva. Wapo pia wanaorusha kila kitu TikTok, kisha wanakaa kuhesabu laiki. Pande zote mbili zina tatizo moja: hakuna anayejifunza. Anayeficha hasikiki na mtu. Anayerusha anasikika na watu wengi, lakini hakuna anayemwambia lolote la kumfaa kesho akisimama tena kuimba.

Msimamo wetu ni huu: kama unataka sauti yako ikue, irekodi, kisha ipeleke kwa watu wachache wenye masikio, ukiwa na swali mkononi. Umma unaweza kungoja.

Tuanze na kinachowazuia wengi. Mara ya kwanza ulipojisikia kwenye simu huenda ulishtuka: “Aki mimi ndio huimba hivi?” Usijichukie bure. Unapoimba, sauti yako hukufikia kwa njia mbili. Moja ni hewa, kama inavyowafikia watu wengine. Nyingine ni mifupa ya kichwa chako, ambayo huongeza uzito wa sauti za chini. Ndiyo maana ndani ya kichwa unajisikia mzito na mtamu, lakini rekodi inakuonyesha mtu mwembamba kidogo. Ule uzito wa mifupa haumo kwenye rekodi, na pia haumo masikioni mwa wanaokusikiliza. Kwa hivyo usiifute kwa hasira. Isikilize mara kadhaa hadi uizoee, na mshtuko wa kwanza utapungua.

Fikiria pia jinsi ulivyo na bahati. Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa malkia wa taarab Zanzibar, alisafiri hadi Bombay, India, mwaka wa 1928 ili sauti yake iingizwe kwenye sahani za santuri. Msanii wa enzi hizo alivuka bahari apate kurekodiwa. Wewe unabonyeza kitufe ukiwa umeketi kitandani, na ukikosea unabonyeza tena. Kifaa si shida tena. Shida ni kile unachokifanya baada ya kubonyeza.

Wengi huituma rekodi kwa mbogi. Majibu yanakuja mbio: “Umeweza!”, “Moto sana!”, “Enda studio, bro!” Maneno haya ni matamu, na yana kazi yake siku ambayo moyo umevunjika. Lakini jiulize: baada ya kuambiwa “umeweza”, unajua kipi cha kurekebisha? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rafiki anayekupenda anasikiliza moyo wake, si noti zako. Halafu siku unapolipa pesa zako za jasho studio, prodyusa anakuambia uko nje ya kii tangu ubeti wa kwanza, na saa unayolipia inaendelea kuhesabiwa.

Upande wa pili kuna wale wa mitandaoni wanaoandika “wachia wenyewe” au “rudi shule”. Hawa nao hawakufundishi kitu. Kinachouma ni kwamba neno moja la mtu asiyekujua linaweza kumfanya kijana wa miaka 17 aache kuimba kabisa, ilhali pengine kosa lake lilikuwa dogo tu: wimbo ulikuwa juu kuliko sauti yake. Kumbuka pia kwamba sauti za vijana, hasa za wavulana, huvunjika wakati wa kubalehe. Kama sauti yako inakatika katikati ya neno, huenda ni mwili unaokua, si kipaji kilichoisha. Imba taratibu katika noti unazozifikia bila kusukuma, na uipe muda.

Je, maoni ya kumjenga mtu hufananaje? Kama umepitia shule za Kenya, tayari unajua. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kila aliyewahi kupanda jukwaa lake anamkumbuka mwamuzi mwenye karatasi na kalamu. Mwamuzi mzuri hasemi tu “mmeimba vibaya”. Atakuambia sauti ya pili ilishuka mlipofika ubeti wa tatu, maneno ya mwisho wa mistari yalimezwa, pumzi ilikatwa katikati ya neno. Anataja mahali, anataja kosa, na mara nyingi anataja dawa. Hayo ndiyo majibu unayopaswa kuyatafuta kwa rekodi zako.

Ili uyapate, lazima kwanza rekodi yenyewe iwe ya kweli. Chagua kipande kifupi, ubeti mmoja na kiitikio. Imba bila biti kwanza, bila mwangwi wa programu na bila Auto-Tune, kwa sababu vitu hivyo vinaficha hasa kile unachotaka kukijua. Weka simu kama shubiri mbili kutoka mdomoni. Kaa ukitazama kabati lililojaa nguo, au simamisha godoro nyuma ya simu. Vitambaa humeza mwangwi. Bafuni ni pazuri kwa kujifurahisha, lakini mwangwi wa vigae humdanganya hata mwimbaji mbaya kwamba ameiva. Na kama unaishi karibu na steji, unajua mwenyewe saa ambayo honi za matatu hutulia.

Kisha acha rekodi ilale. Isikilize kesho yake, kwa hedifoni, ukiwa na daftari. Andika sekunde: sekunde ya 12 pumzi imeisha, sekunde ya 25 noti imeshuka. Programu za bure za kupima noti, zile wanazotumia wapiga gitaa, zitakuonyesha kama uko juu au chini ya noti unayoilenga. Chagua kosa moja tu la kushughulikia wiki hiyo. Anayetaka kurekebisha pumzi, noti, matamshi na mbwembwe kwa siku moja huishia kutorekebisha chochote.

Sasa tuma. Lakini usitume na maneno “niambie unaonaje”, kwa sababu utajibiwa “poa”. Uliza swali lenye mipaka: “Sikiliza kuanzia sekunde ya 20 hadi ya 30. Noti ya juu nimeifikia au nimeikaribia tu?” Au: “Bila kuyasoma maneno, niandikie ulivyoyasikia.” Hilo la pili ni kali sana. Ukiandikiwa kitu kingine kabisa, umejua matamshi yako yalipo.

Watumie akina nani? Watatu wanatosha. Mmoja awe anayejua muziki: mwalimu wa kwaya kanisani, anayeongoza kaswida msikitini, mwalimu wa muziki wa shule yako ya zamani, au mpiga kinanda wa mtaani. Wa pili awe mwimbaji mwenzako aliye hatua moja mbele yako. Wa tatu awe msikilizaji wa kawaida asiyeogopa kukukasirisha. Dada mdogo mara nyingi hufaa kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Watatu wakitaja sekunde ileile, usibishane nao. Mmoja akisema lake na wengine hawakubaliani, lihifadhi tu, usilifanye sheria.

Utasema mwalimu ni ghali. Kweli, masomo ya sauti yana bei, na si kila mtu atafika Kenya Conservatoire of Music pale Nairobi. Lakini kwaya nyingi haziombi karo. Sauti Sol, walioanza mwaka wa 2005, walianza kama kundi la kuimba bila ala. Mkiimba bila ala, hakuna ngoma wala gitaa la kujificha nyuma yake. Mwenzako akishuka unamsikia, ukishuka anakusikia. Mbogi ya watu wanne wanaokutana Jumamosi na kurekodiana ni shule pia.

Kuna watakaosema wapo wasanii waliotoboa kwa kurusha tu video mitandaoni. Hatukatai. Rusha wimbo ukiwa tayari, na uufurahie. Ila umati huhukumu kilichokamilika. Haukai nawe kurekebisha kilichovunjika. Mazoezi yana watu wake, na wimbo uliokamilika una umma wake.

Jambo moja lisipuuzwe katika haya yote: koo. Nyuzi za sauti ni nyama yako, huwezi kununua nyingine kama unavyonunua nyuzi za gitaa. Pasha sauti moto kabla ya kurekodi kwa kuimba mdomo ukiwa umefunga, au kwa kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari. Kunywa maji siku nzima, si glasi moja dakika ya mwisho. Wimbo ukikulazimisha kupiga kelele ili ufike, teremsha kii. Hakuna aliyekupa faini kwa kuimba chini kuliko msanii mwenyewe. Ukihisi maumivu, acha. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, usiendelee kumeza tangawizi na asali ukingoja muujiza. Mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Mwisho tunakugeukia wewe usiyeimba, unayepokea rekodi hizi kwenye simu yako. Mtu akikutumia sauti yake, amekukabidhi kitu ambacho hajawakabidhi wengi. Kuisambaza kwenye kundi ili mcheke ni usaliti, hata ukiiita utani. Kumjibu “umeweza” bila kusikiliza nako ni kumnyima haki yake. Sikiliza mara mbili. Mwambie kitu kimoja kilichokugusa na mahali pamoja palipokukwaza, na utaje sekunde. Hutahitaji kujua nadharia yoyote ya muziki kusema, “Hapa kwa sekunde ya 18 sikusikia neno.”

Nawe mwimbaji, iandike tarehe ya leo kwenye jina la rekodi yako ya kwanza na usiifute, hata ikikuaibisha vipi. Rekodi wimbo uleule kila mwezi. Baada ya miezi sita, cheza ya kwanza halafu ya mwisho. Ukisikia tofauti, utajua imetoka wapi, na ni yako. Usipoisikia, utakuwa na swali zuri la kumpelekea mtu mwenye sikio. Wiki hii chagua ubeti mmoja, mtu mmoja na swali moja, halafu utume.