Sehemu ya 6: Mama, funga mdomo, mtoto acheze

Mama zangu, leo mtanisamehe, sizungumzii uji wala chanjo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Mwanangu wa miaka 9 anacheza chesi mtandaoni kwa simu yangu. Jumamosi alikuwa na mechi ya mashindano ya watoto, dakika 10 kila mchezaji. Sebuleni tulijaa. Shangazi yake, "Sogeza farasi!" Baba yake, "Wee, malkia analiwa!" Na mimi, niseme ukweli, nikanyoosha kidole kwenye kioo. Akafuata kidole changu, akashinda. Tukapiga makofi. Yeye akasema, "Mama, umeshinda wewe."

Msiniambie ni mchezo tu wa watoto. Upande wa pili kulikuwa na mtoto wa mwenzangu, hajui kama anacheza na ukoo mzima. Huo ni wizi, jamani. Kanuni za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinamkataza mchezaji kupokea ushauri mchezo ukiendelea, na mtazamaji haruhusiwi kuingilia. Hata ukiona kosa, unamwambia mwamuzi tu. Ukileta fujo unatolewa ukumbini. Sebuleni nani atakutoa?

Wenye mchezo wao hawana utani. Mwaka 2022, kwenye Sinquefield Cup kule St. Louis, Marekani, baada ya Magnus Carlsen kujitoa, waandaaji walichelewesha matangazo kwa dakika 15 ili mtu wa nje asiweze kumpenyezea mchezaji msaada. Sisi tunanong'ona sikioni kabisa!

Najua mtasema mbona kwenye bao kijiweni watu wanaropoka. Sawa, ila pale wachezaji wote wawili wanayasikia hayo makelele.

Halafu kuna hawa wa kuchati. Mtoto anapoteza malkia, mtu mzima na ndevu zake anaandika, "Hata bibi yangu angeona hilo." Na pembeni ana programu inayomwonyesha kila hatua nzuri! Wewe umeona nini hapo? Umesomewa. Kama mwanao anacheza Lichess, ingia kwenye mipangilio uwashe hali ya watoto, mawasiliano yote yanazimika. Fanya leo.

Kazini, ndugu watatu wakianza kumpigia kelele mtoto anayechomwa sindano, huyu "usilie", yule "angalia huku", nawatoa wote abaki na mama yake. Anatulia. Kumbe nyumbani kwangu ndugu wa tatu ni mimi.

Mchezo ukiisha, ongea mpaka uchoke. Hatua zote zinabaki kwenye simu, mwambie akuonyeshe alipokwama.

Jumapili nilimwandikia mwandaaji nikamweleza kila kitu. Ushindi ukafutwa. Mwanangu alilia kidogo, kisha akauliza mechi nyingine ni lini. Ni Jumamosi hii saa kumi, na mimi nitakuwa jikoni. Shangazi mtu bado kaninunia.