Tifu si Chubwi: Usikariri tu, Sikiliza

Watahiniwa wengi huitambua tanakali ya sauti, wakaitaja, wakanukuu sentensi, kisha wakaishia hapo. Swali liliuliza umuhimu. Wao wamejibu jina. Kwa maoni yangu, kosa hili linatokana na orodha tuliyowakaririsha tangu shule ya msingi: anguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pa, kama mzigo pu. Orodha si mbaya. Ubaya ni kuikariri bila kuisikiliza.

Chukua sentensi hii: "Ndoo ilimponyoka Mwende, ikaanguka mtoni tifu!" Msomaji wa haraka atasema mwandishi amekosea, kwani mtoni ni chubwi. Mwanafunzi wa Kitui hapaswi kujikwaa hapa. Anaujua mto Tiva wakati wa kiangazi: mchanga mtupu, na maji hupatikana kwa kuchimba. Silabi mbili tu zimemwambia kwamba mto umekauka na kwamba Mwende ana kazi mbele yake. Mwandishi hakuhitaji kutaja ukame. Vivyo hivyo embe la Makueni: likianguka tifu, ardhi ni kavu, likianguka tapwi, mvua imenyesha.

Kiingereza nacho kina splash na thud. Ila thud hukuambia kwamba kitu kizito kimeanguka kwa kishindo. Haikuambii kama kimeangukia mchanga au sakafu. Tena maneno hayo aghalabu hutumika kama nomino au vitenzi. Tanakali zetu hufuata kitenzi na kukieleza, ndiyo maana katika sarufi neno lilo hilo huitwa kielezi kiigizi.

Basi ukikutana na tanakali ya kuanguka, jiulize: Nini kimeanguka? Kimeangukia wapi? Sauti hiyo inafichua nini kuhusu mandhari, mhusika au maudhui? Jibu la swali la tatu ndilo hoja yako. "Imetumiwa kuifanya kazi ivutie" ni jibu linalofaa kila kitabu; kwa hivyo halionyeshi kwamba umesoma chochote.

Wala usidhani kwamba wenzako wa Pwani wamekuzidi masikio. Wao wana bahari, na chubwi wanaisikia kila siku. Tifu ni yako. Itumie.