Mashimo ya Dhahabu Yafukiwe

Dhahabu iliyochimbwa na Wajerumani huko Sekenke, Iramba, ilipigwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na matajiri wa ng'ambo. Dhahabu husafiri, bali shimo halisafiri.

Huku kwetu Handeni nako watu huchimba dhahabu. Likizo iliyopita mbuzi wetu alitumbukia katika shimo lililoachwa, na mdogo wangu nusura amfuate. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Haya huingiwa na wengine. Maoni yangu, asiyefukia shimo la kwanza asiruhusiwe kuchimba la pili.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne